Ng'ombe Aliyelishwa kwa Nyasi Zetu: Maabara za Jeshi, Kampuni za Kibinafsi na Haki ya Mwananchi

Hotuba iliyotolewa mjini Bungoma mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa

 

Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo likitajwa huonekana kuwa mbali sana na Bungoma, nalo ni jinsi majeshi yanavyozigawia kampuni za kibinafsi utafiti na teknolojia ya maabara zao. Huenda mtu akauliza, "Hilo linatuhusu nini sisi wakulima wa miwa na mahindi?" Ndugu zetu, linatuhusu mno. Limekwisha kuingia katika zahanati zetu. Limedungwa katika mapaja ya watoto wetu. Akina mama wengi wamelibeba mgongoni kulipeleka kliniki na kurudi nalo nyumbani bila kuambiwa jina lake. Tunasema juu ya chanjo ya malaria.

Tusieleweke vibaya. Hatukuja kumkataza mtu chanjo. Sisi wenyewe tumezaliwa katika nchi ya mbu, tumeona vijeneza vidogo, na tunajua uzito wake. Mzazi aliyeitwa kliniki na ampeleke mtoto. Tulilolijia ni swali la pili, ambalo mwanasheria hulazimika kuliuliza hata mbele ya kitu chema: mapatano yalikuwaje, na shahidi alikuwa nani?

DESTURI YA KUTUNZISHA NG'OMBE

Wazee waliopo hapa wanaijua desturi ya kumkabidhi rafiki ng'ombe amtunze. Mtunzaji alikunywa maziwa, na samadi ikaenda shambani mwake. Ndama walipozaliwa walihesabiwa, na mtunzaji mwaminifu akapewa wake. Lakini ng'ombe hakubadilisha mwenyewe. Mapatano hayo hayakuandikwa popote, wala hayakufichwa, kwa kuwa yalisemwa mchana mbele ya mashahidi. Ugomvi ulipozuka, mashahidi waliitwa.

Maabara ya jeshi ni mali ya umma, maana imejengwa kwa kodi. Ujuzi unaozaliwa ndani yake ni ng'ombe wa umma. Kampuni ya kibinafsi inapopewa ujuzi huo iutengeneze na kuuuza, hiyo ni mtunzaji. Na apate maziwa yake kwa haki, kwa kuwa kazi ameifanya. Lakini ndama ni wa nani? Na je, yule ambaye ng'ombe amelishwa kwa nyasi za shamba lake, hana neno?

JINSI MAMBO YALIVYOKUWA

Jeshi la Marekani lilianza utafiti wa tiba katika nchi yetu mwaka 1969, kupitia taasisi yake iitwayo Walter Reed. Baadaye lilishirikiana na KEMRI, na vituo vyake vikajulikana Kisumu, Kombewa na Kericho. Shabaha ya kwanza ya utafiti huo haikuwa mtoto wa Bungoma. Ilikuwa askari. Katika vita vya Vietnam malaria sugu iliwaangusha askari wengi wa Marekani, na jeshi lile likaanza kutafuta dawa mpya kwa bidii kubwa. Moja ya dawa zilizopatikana ni meflokwini, ambayo iliuzwa na kampuni ya Uswisi ya Hoffmann-La Roche kwa jina la Lariam. Hapo tayari mnaona njia yenyewe: maabara ya jeshi inagundua, kampuni inauza.

Mwaka 1984 wanasayansi wa Walter Reed, pamoja na wenzao wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, walichapisha jeni ya protini inayokifunika kimelea cha malaria kinapotoka kwa mbu kuingia katika damu ya mtu. Ulikuwa ufunguo mkubwa. Ila maabara haiwezi kutengeneza dozi milioni. Ilihitajika kampuni, na ikapatikana ile ambayo leo huitwa GSK, katika maabara zake za Rixensart, Ubelgiji. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kujua kutengeneza chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kutumia hamira. Ikaiunganisha protini ya malaria na ile ya homa ya ini, na mwaka 1987 ikazaliwa chanjo iliyoitwa RTS,S.

Sheria za Marekani nazo zilikuwa zimeanza kuifungua njia hiyo. Mwaka 1980 zilipitishwa sheria za kuhimiza uvumbuzi uliogharamiwa na serikali uende viwandani, na mwaka 1986 ikaja sheria iliyoziruhusu maabara za serikali, za jeshi zikiwemo, kutia saini mikataba ya ushirikiano wa utafiti na kampuni. Katika sheria mojawapo ya 1980 serikali ilijiwekea haki ya kuingilia kati iwapo kampuni itaukalia uvumbuzi usiwafikie watu. Kwa miongo minne ya kwanza haki hiyo haikutumiwa hata mara moja. Mlango uliwekwa, lakini hakuna aliyeufungua.

Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya kutia moyo: kati ya watu 7 waliojitolea kupewa aina moja ya chanjo hiyo na kuumwa na mbu wenye vimelea, 6 walikingwa. Mwaka 2001 shirika la PATH liliingia likiwa na fedha za wakfu wa Gates. Kisha, kuanzia 2009 hadi 2014, ukafanywa utafiti mkubwa wa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Vituo vilikuwa 11, na vitatu kati yake vilikuwa Kenya: Kilifi, Siaya na Kombewa. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi.

Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ilizinduliwa Homa Bay kwa mpango wa majaribio. Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 zilizohusishwa, pamoja na majirani zetu wa Busia, Kakamega na Vihiga. Maeneo yaligawanywa kwa kura: haya yakapata kwanza, yale yakangoja ili yalinganishwe nayo. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana. Tathmini ya nchi tatu, Kenya, Ghana na Malawi, ilionyesha baadaye kwamba vifo vya watoto wa umri uliolengwa vilipungua kwa asilimia 13. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, na wanasayansi pia, wakiwemo Wakenya.

NANI ALITOA NINI, NANI AMEPATA NINI

Tufungue daftari sasa, maana hesabu njema haivunji urafiki. Mlipa kodi wa Marekani alitoa maabara. Kampuni ilitoa ustadi, mitambo na fedha zake. Wakfu ulitoa msaada. Na sisi? Tulitoa watoto wetu. Bila mtoto wa Kombewa, wa Siaya na wa Kilifi, kisha wa Bungoma, ile chanjo ingebaki karatasi na chupa.

Kampuni nayo ilitenda mema ambayo hatutayafumbia macho. Ilitoa bure hadi dozi milioni 10 kwa mpango wa majaribio, na ikaahidi kwamba bei yake itakuwa gharama ya kutengeneza pamoja na nyongeza ya asilimia 5 hivi, itakayorudishwa katika utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Lakini ahadi njema si haki. Ahadi hutegemea moyo wa aliyeitoa. Haki humtegemeza hata yule asiyependwa.

Mwaka 2022 UNICEF ilitia saini mkataba wa kununua dozi milioni 18 kwa kadiri ya dola milioni 170. Bei ilikuwa euro 9.30 hivi kwa dozi. Mtoto huhitaji dozi 4, basi hesabuni wenyewe. Leo mzigo mkubwa wa gharama za chanjo mpya unabebwa na Gavi, lakini Kenya iko njiani kuelekea kulipa yenyewe. Siku hiyo ikifika, bei hii itaingia katika bajeti yetu, na mtakaoulizwa kodi ni ninyi mliokaa hapa.

Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini. Chanjo ile ina sehemu mbili. Moja ni ile protini. Ya pili ni dawa ya kuiamsha kinga ya mwili, inayoitwa AS01, ambayo sehemu yake hutoka katika gamba la mti wa Chile. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba utengenezaji wa protini utahamishiwa kampuni ya Bharat Biotech ya India. Ile dawa ya kuamsha kinga je? Hiyo GSK ilibaki nayo, iitengeneze na kuipeleka India. Dawa hiyo ya jamii ya AS01 ndiyo iliyomo pia katika Shingrix, chanjo ya mkanda wa jeshi inayouzwa kwa wazee wa nchi tajiri. Basi mnaona: sehemu moja ya ng'ombe ilitolewa zizini, na sehemu inayokamwa ikabaki imefungwa.

Linganisheni na hili. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya pili, R21, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa na Serum Institute ya India. Hiyo imejengwa juu ya msingi ule ule wa protini ya kimelea, msingi uliochapishwa wazi tangu 1984. Bei yake ilitangazwa kuwa chini ya dola 4 kwa dozi. Na mwaka 2025 GSK na Bharat wakatangaza kwamba nao watashusha bei yao ifike chini ya dola 5 kufikia 2028. Ujuzi uliowekwa hadharani ulimzaa muuzaji wa pili, na muuzaji wa pili akaishusha bei. Ndugu zetu, hiyo ndiyo hoja yetu nzima kwa maneno machache. Umma ukitoa ujuzi wake kwa masharti ya uwazi, mtoto maskini hufikiwa. Ukiutoa bila masharti, mtoto huyo hungoja huruma.

KUFULI MBILI KATIKA MLANGO MMOJA

Matokeo ya kisayansi yalichapishwa, nasi tunayashukuru. Lakini masharti ya kugawana haki, yaani hataza ni ya nani, leseni ni ya nani, Kenya inapata nini ikiwa imetoa watoto wake, hayo hatujayaona yamebandikwa katika mlango wa zahanati yoyote ya kaunti hii.

Hapa ndipo ndoa ya jeshi na kampuni inapoleta hatari ya pekee. Jeshi lina siri yake: siri ya usalama. Kampuni ina siri yake: siri ya biashara. Wanapoungana, mlango mmoja hupata kufuli mbili. Ukimwendea huyu anakuelekeza kwa yule. Tuliwahi kuandika barua kwa ofisi moja ya umma tukiomba nakala ya makubaliano ya utafiti. Tukajibiwa kwamba hati hiyo ni ya mshirika. Tukamwandikia mshirika, naye akasema mwenye idhini ni ofisi. Hivyo ndivyo karatasi inavyozungushwa hadi mwombaji achoke.

Na siri ina matunda yake, nayo ni uvumi. Mwaka 2014 Maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliitilia shaka chanjo ya pepopunda, na Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Hatuifufui hoja hiyo. Tunasema tu kwamba mahali ambapo watu wamezoea kuambiwa ukweli, shaka hufutwa kwa siku moja. Sisi watu wa Bungoma tuna sababu nyingine tena. Neno "jeshi" halisikiki hapa kama linavyosikika kwingine. Tunaukumbuka Mlima Elgon mwaka 2008, na yale ambayo mashirika ya haki za binadamu yaliandika juu ya mateso ya watu waliokamatwa. Mama wa Cheptais akisikia kwamba chanjo hii ina asili katika maabara ya jeshi, hata liwe jeshi la nchi nyingine, anastahili kuelezwa kwa upole na kwa ukamilifu, si kukemewa.

Je, alielezwa? Mwaka 2020 makala katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, ziliulaumu mpango ule wa majaribio kwa sababu mzazi alihesabiwa kuwa amekubali kwa kumleta tu mtoto kliniki. Shirika la Afya Duniani lilijitetea kwamba huo ulikuwa utoaji wa chanjo wa kawaida chini ya ratiba ya nchi, si utafiti. Wataalamu na waendelee kubishana. Sisi tunasema hivi: mahali ambapo maeneo yamegawanywa kwa kura ili yalinganishwe, mama ana haki ya kuambiwa kwamba yumo katika ulinganisho.

SHERIA IKO UPANDE GANI?

Tulikuwa watoto wa shule wakati Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991. Waliokipigania, wengine kwa jela na kwa damu, hawakupigania wingi wa vyama tu. Walipigania haki ya kuuliza. Haki hiyo leo imo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine, iwapo zahitajika ili kulinda haki fulani. Kifungu cha 43 kinatoa haki ya afya. Kifungu cha 10 kinadai ushirikishaji wa umma.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Ndiyo, inakubali kwamba kuna siri za usalama na siri za biashara. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba habari yaweza kuamriwa itolewe pale manufaa ya umma yanapozidi madhara ya kuitoa. Kumbe kufuli zote mbili zina ufunguo mmoja! Nao uko mikononi mwetu.

Mahakama zetu nazo zimeonyesha njia. Mwaka 2012, katika kesi ya Wakenya watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya bidhaa bandia haiwezi kutumiwa kuwanyima watu dawa halali za bei nafuu, kwa kuwa haki ya uhai hutangulia haki ya mwenye hataza. Na mwaka 2000 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walilalamika kwamba wenzao wa Uingereza walikuwa wameomba hataza ya chanjo ya UKIMWI bila wao, ingawa utafiti ulianzia kwa wanawake wa Nairobi. Walisema kwa sauti, na makubaliano yakarekebishwa. Aliyenyamaza angebaki na shukrani tu.

Wala tusilinyoshee kidole jeshi la wageni peke yake. Letu nalo linaingia katika viwanda. Kule Eldoret, jirani zetu, kipo kiwanda cha risasi kilichojengwa miaka ya 1990 kwa usiri mkubwa. Aprili 2021 kilifunguliwa Ruiru kiwanda cha bunduki. Mwaka 2020 Tume ya Nyama ya Kenya ilihamishiwa Wizara ya Ulinzi, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikasema kuhamisha huko bila kuushirikisha umma kulikiuka Katiba. Hatusemi mafundi wa jeshi wasivisaidie viwanda vya raia. Mitambo yao ikiweza kuchonga vipuri vya kiwanda cha sukari, na ichonge. Tunasema masharti yajulikane.

TUNAYOYADAI

Kwanza, makubaliano yote ya utafiti baina ya taasisi za umma za Kenya na maabara za jeshi, letu au la wageni, yawekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuyasoma, kwa Kiswahili pia. Kama kuna ukurasa wa siri za usalama, ukurasa huo na ufunikwe, si kitabu kizima.

Pili, kila chanjo au dawa iliyojaribiwa kwa watoto wetu iwe na sharti lililoandikwa: bei itakayolipwa na Kenya, muda ambao dozi zitahakikishwa, na haki ya taasisi zetu kujifunza kuitengeneza. Serikali iliunda Taasisi ya BioVax mwaka 2021 ili chanjo zitengenezwe nchini. Taasisi hiyo itatengeneza nini, ikiwa ujuzi umefungiwa ng'ambo?

Tatu, mama aelezwe kabla ya sindano, kwa lugha anayoielewa, ni nini, imetoka wapi, inakinga kwa kiasi gani na kwa nini dozi ya nne isisahauliwe.

Nne, Bunge la Kaunti lipewe taarifa kabla ya mpango wowote wa majaribio kuanza katika wadi zetu, na makanisa na misikiti iwe mashahidi.

Ndugu wapendwa, tunajua mtakaporudi nyumbani mtaulizwa, "Wale mawakili walisema nini?" Waambieni hawakukataza chanjo, bali walisema mpelekeni mtoto kliniki, kisha mwulize. Ombi la habari ni barua ya ukurasa mmoja, na kwa raia kuomba hakuhitaji wakili. Ofisi ikinyamaza siku 21 zikapita, ipelekeni kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kila parokia hapa ina mwalimu mmoja anayeweza kuiandika barua hiyo. Na tukiandika mia moja, hakuna ofisi itakayosema haikusikia.

Ng'ombe yule alilishwa kwa nyasi zetu. Hatumdai mtunzaji maziwa yake. Tunataka tuwe mashahidi wakati ndama wanapohesabiwa.